Je, Sauti Iliyotupwa Hurudi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wasomaji wengi wamepata kuona vibandani, Musoma na Bunda, vijana wanaorusha nyimbo katika kadi za simu. Siku hizi baadhi yao hutangaza jambo jipya: ukiwaletea wimbo wenye sauti hafifu, wataupitisha katika kompyuta nao utatoka safi kama wa studio.

Mjomba wangu alisadiki. Ana wimbo mmoja anaoujali kuliko zote, dakika sita za marehemu babu akipiga ritungu nyumbani Butiama. Simu iliyourekodi ilizama ziwani, ikabaki nakala iliyobanwa sana, ya kilobiti 64 kwa sekunde. Basi alilipa Sh. 3,000 katika kibanda kimoja, akapewa faili ya kilobiti 320. "Sikiliza, mwanangu," akaniambia, "babu yako amerudi." Naam, sauti ilikuwa kubwa, nami nalifurahi kama yeye.

Lakini yafaa tujue wimbo hubanwaje. Katika sahani ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Kwa pande mbili, kushoto na kulia, hizo ni tarakimu 1,411,200 kwa sekunde. Mzigo huo ulikuwa mzito mno kwa mitambo ya zamani. Ndipo wataalamu, wengi wao wa Ujerumani, wakatengeneza MP3, jina lililoanza kutumika mwaka 1995. Njia yao ni kutupa kile ambacho sikio halitazamiwi kukisikia. Lori likipiga honi sokoni, nani asikiaye mnong'ono? Basi mnong'ono hutupwa. Ukibana kidogo hupotezi kitu cha maana. Ukibana hata kilobiti 64, hata mkwaruzo wa kidole juu ya nyuzi nane za ritungu huanza kufifia.

Kilichotupwa hakimo tena katika faili. Kuiongeza kutoka kilobiti 64 hadi 320 ni kumimina kikombe cha maji katika ndoo: chombo kimekua, maji ni yale yale. Ziko programu mpya zinazojaza pengo kwa kukisia, baada ya kujifunza kutoka nyimbo nyingi, na huenda zikapendeza. Lakini kama hazikupata kusikia ritungu, zitabuni vidole vya nani?

Mwalimu wetu wa fizikia alikubali tuzijaribu nakala zote mbili kwa kompyuta ya maabara. Kwanza aliipunguza ile mpya mpaka zikalingana kwa ukubwa wa sauti, kwani sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri. (Nadhani hapo ndipo zilipokwenda zile Sh. 3,000.) Kisha alizipiga bila kusema ni ipi. Katika mara 10 nalipatia 5; shilingi iliyorushwa juu ingeweza kupata hivyo hivyo.

Mjomba alitaka kuifuta nakala ndogo apate nafasi. Nalimsihi aiache, kwani hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na babu.

Yuko mzee mmoja Butiama aliyefundishwa ritungu na babu. Tukimaliza mtihani wa Novemba nitakwenda kumrekodi bila kubana chochote. Dakika sita zitachukua megabaiti 63 hivi, na kadi ya gigabaiti 8 ina nafasi tele.