Maigizo Katika Kumfunza Mkimbizi Mtu Mzima Kiswahili

Mwalimu mwenzangu, tunapofunza maigizo, aghalabu sisi hukomea kwenye sifa na aina zake. Makala haya yanaangazia jukumu lake lingine: kumsaidia mtu mzima aliyekimbia vita kujifunza lugha ngeni.

Chukua mfano wa mama kutoka Sudan Kusini anayeishi katika kambi ya Kakuma, Turkana, iliyoanzishwa mwaka wa 1992. Mwanawe anaugua. Zahanatini anaulizwa, "Alianza kuumwa lini?" Mkalimani hayupo, naye hana la kujibu. Si kwamba hana akili. Darasani huhofia kusema "mtoto yangu inalia" akachekwa na vijana walio rika la wanawe. Basi hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kusema.

Maigizo humfaa mama huyu kwa njia tatu. Kwanza, uhusika humsitiri: anapoigiza muuguzi, kosa ni la muuguzi, si lake. Pili, anajifunza msamiati katika muktadha wake. Sajili ya zahanati huja pamoja na ishara, toni na adabu ya mahali hapo. Tatu, kuna marudio. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika maigizo, onyesho hurudiwa hadi "mtoto wangu analia" itoke yenyewe, bila kukariri ngeli.

Mbinu moja ifaayo ni ya Augusto Boal, mtunzi wa tamthilia kutoka Brazili, ambaye mwaka wa 1973 alitumia maigizo katika mpango wa kisomo cha watu wazima nchini Peru. Kwake, hadhira haikai tu ikitazama. Mtazamaji husimamisha mchezo, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu jibu jingine. Kwa hivyo, mama yetu akikwama, mwenzake ataingia na kusema, "Tangu jana usiku." Kisha mama atarudi jukwaani na kusema mwenyewe.

Tahadhari, hata hivyo: usimwigizishe mkimbizi masaibu ya vita aliyoyatoroka. Soko, zahanati na ofisi ya chifu zinatosha.

Nawe mtahiniwa, kumbuka kuwa maigizo ni utanzu wa fasihi simulizi, ilhali tamthilia ni wa fasihi andishi. Ukiulizwa umuhimu wa maigizo, usiishie kwenye kuburudisha na kuelimisha. Taja pia kukuza lugha, ukitolea mfano.

Zoezi: Andika mazungumzo mafupi kati ya muuguzi na mzazi anayejifunza Kiswahili, kisha ueleze sifa tatu za sajili uliyotumia.