Kununua Nakala ya Gari la Spoti la Zamani kwa Fedha ya Kiasi

Mwezi wa Agosti mwaka 2016, katika mnada wa Monterey, jimbo la California, gari moja dogo la wazi, lenye viti viwili na rangi ya buluu, lilinunuliwa kwa dola 13,750,000. Lilikuwa ndilo Shelby Cobra la kwanza kuundwa, mwaka 1962, na aliyetoa fedha hizo alizitoa kwa kuwa la kwanza halina mwenziwe. Mtu wa kipato cha wastani aliyeshikwa na mahaba ya umbo lile hana budi kuchagua moja katika mambo mawili: kuridhika na picha ukutani, au kutafuta nakala, yaani gari lililoundwa upya kwa mfano wa lile la asili, ambalo bei yake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na pengine kwa chini ya hapo.

Njia hii ya pili haina aibu. Walakini ina mitego mingi, na mkubwa katika hiyo ni kwamba nakala zote, njema na mbovu, hufanana zikitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Maana bodi ya faibaglasi hutolewa katika kalibu, na kalibu haijui kama chini ya bodi ile patakuwa na chesisi iliyonyooka au vyuma vilivyochomelewa na mtu aliyekuwa bado anajifunza kazi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mnunuzi mwenye fedha ya kiasi, asiyeweza kuihimili hasara, ndiye apasaye kuliko wote kuufungua mkakasi kabla ya kuulipia.

Kanuni ya kwanza, ambayo wengi huipuuza kwa sababu macho yao yametangulia mbele ya akili, ni kuchagua gari ambalo hata asili yake iliundwa kwa vipuri vya kawaida. Cobra ni mfano mwema. Carroll Shelby, dereva wa mbio kutoka Texas aliyeshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1959, kisha akalazimika kuacha mbio kwa maradhi ya moyo, hakuwa na kiwanda. Alipopata habari mwaka 1961 kwamba AC, kampuni ndogo ya Thames Ditton huko Uingereza, ina gari zuri liitwalo Ace lakini injini yake imeadimika, aliomba gari kwa Waingereza na injini ya silinda nane kwa Ford, akavioza viwili hivyo. Husimuliwa kwamba gari lile la kwanza lilikuwa likipakwa rangi mpya kila lilipopelekwa kujaribiwa na waandishi wa gazeti jingine, ili watu wadhani magari ni mengi. Chini ya rangi hizo palikuwa na mabomba mawili makubwa ya chuma yaliyolazwa sambamba, na injini ya duka. Ndiyo sababu fundi wa leo, akiwa na mabomba, welda na injini ya Ford, anaweza kuunda kitu kilicho karibu sana na asili, ghairi ya bodi, ambayo Shelby aliipata ya aluminiamu na yeye hutia ya faibaglasi. Cobra za asili zilikuwa kama 1,000 tu, ilhali nakala zake zimezidi hesabu hiyo mara nyingi. Na yafaa msomaji wa Afrika ajue kwamba baadhi ya zile zinazosifiwa sana Marekani huundwa barani humu, Superformance huko Gqeberha (zamani Port Elizabeth) na Backdraft huko Durban, kisha husafirishwa bila injini, nayo hutiwa ng'ambo.

Porsche 356 Speedster ina nasaba ya namna hiyo hiyo. Gari la 356 lilizaliwa mwaka 1948 kwa vipuri vingi vya Volkswagen, na Speedster ikafuata mwaka 1954, baada ya Max Hoffman, mfanyabiashara wa New York, kushikilia kwamba Marekani inahitaji gari la wazi lisilo na anasa, litakalouzwa kwa chini ya dola 3,000. Gari lililobuniwa kwa ajili ya watu wasio na fedha nyingi sasa huuzwa kwa dola laki kadhaa. Lakini nakala yake, iliyokalia sakafu ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe na kusukumwa na injini yake ya nyuma inayopozwa kwa hewa, hurithi damu ya ukoo ule ule, na spea zake hupatikana kwa fundi yeyote aliyezoea Volkswagen.

La tatu ni Lotus Seven, aliloliuza Colin Chapman tangu mwaka 1957, aghalabu kwa vipande, ili mnunuzi aunge mwenyewe na kusalimika na kodi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka 1973 haki za Seven zilihamia Caterham, na hadi leo hilo ndilo gari jepesi, lisilo na milango ya maana wala mahali pa mizigo, ambalo dereva hulivaa kuliko anavyolipanda. Mwalimu mmoja wa Uingereza, Ron Champion, alitoa mwaka 1996 kitabu kilichofundisha kuunda gari la namna hii kwa pauni 250, kwa vyuma vya mraba vya dukani na vipuri vya Ford Escort lililochoka. Pauni 250 za wakati ule hazitoshi leo, lakini magari ya kitabu kile yanapatikana mitumba, na hakuna mlango wa bei nafuu kuliko huo.

Kinyume cha hayo ni nakala za Ferrari. Katika miaka ya 1980 watazamaji wa tamthilia ya televisheni ya Miami Vice walistaajabia Ferrari Daytona nyeusi ambayo kwa hakika ilikuwa Chevrolet Corvette iliyovikwa bodi nyingine. Ferrari wenyewe walikasirika, na mwishowe mahali pake pakachukuliwa na Testarossa ya kweli. Roho ya Daytona ilikuwa injini ya silinda 12, na injini hiyo haiundwi gerejini. Anayenunua nakala ya gari la aina hii hununua nguo bila ya mtu wake, na sauti ya kwanza itokayo katika ekzosi humwaibisha mbele ya wanaojua.

Baada ya kuchagua aina, huja swali la kuchagua njia. Kiwanda huweza kukuuzia gari jipya lililokamilika, nayo ndiyo njia ya starehe na ya gharama kubwa. Waweza pia kununua furushi la vipuri, kama liuzwalo na Factory Five ya Massachusetts, ukaliunga mwenyewe. Lakini bei ya furushi si bei ya gari, maana injini, gia boksi, matairi, rangi na viti mara nyingi huhesabiwa mbali, na kazi ya kupaka rangi peke yake huweza kumtoa jasho aliyedhani amekwisha maliza. Wengi hushindwa katikati, wakauza vipande kwa hasara. Naye mwenye fedha ndogo huvutwa na matangazo ya magari hayo yasiyomalizika, asijue kwamba vilivyopungua ndivyo vya ghali na kwamba aliyevipanga vipuri kichwani mwake hayupo tena kumweleza. Njia iliyo salama kwa mkoba mwembamba ni kununua gari lililokwisha kuungwa, kusajiliwa na kuendeshwa maelfu kadhaa ya kilomita, kwa maana aliyeliunda aghalabu harudishiwi thamani ya saa zake za kazi, na kasoro za mwanzo zimekwisha jitokeza mikononi mwake. Hata hivyo, sehemu ya tano ya fedha zote na iwekwe kando kwa breki, matairi na yale yasiyotazamiwa.

Siku ya kulikagua gari, anza chini, si juu. Omba lipandishwe juu ya jeki imara, ulale na tochi, utazame kila mahali chuma kilipounganishwa na chuma. Uchomeleaji mwema huonekana kama mstari wa mawimbi madogo yanayofuatana sawasawa. Ule wa hatari una matone, matundu na mapengo, au umefichwa chini ya rangi nzito mpya. Kwa Speedster, kazi hii ina uzito maradufu. Umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.4 katika Volkswagen na mita 2.1 katika Porsche. Kwa hiyo sakafu hukatwa sentimita 30 hivi na kuungwa upya, na maisha ya abiria hutegemea mshono huo mmoja. Juu ya hayo, Volkswagen ile huweka betri chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi iliyodondoka kwa miaka mingi huila sakafu mahali hapo. Gonga kwa kifundo cha kidole, na chuma kikijibu kwa sauti iliyokufa, ujue kutu imetangulia.

Ukiinuka, tazama bodi kwenye bawaba za milango na pembe za buti, ambako nyufa nyembamba katika tabaka la juu la faibaglasi huonyesha kwamba chesisi inapinda au kwamba gari limegongwa. Fungua boneti uangalie nyaya: zilizofungwa kwa mpango na kupewa rangi mbalimbali husema habari za fundi mwenye subira, na zilizosokotwa kwa utepe husema habari nyingine. Kisha kaa usukanini. Katika Cobra pedali husukumwa upande na injini pana, hata mguu mkubwa ukakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Na mabomba ya ekzosi yapitayo ubavuni, chini ya mlango, huwa ya moto kiasi cha kumwachia alama ya kudumu kwenye muundi yule ashukaye kwa pupa. Mambo haya hayajulikani kwa picha.

Hati nazo zikaguliwe kwa bidii ile ile. Uingereza, gari lililoundwa na mtu binafsi sharti lipite mtihani wa serikali ambao hupima breki, moshi, mikanda, vioo, hata ukali wa kingo za bodi. Na lile lisilojulikana umri wala asili hupewa namba ianzayo na herufi Q, ambayo hulishusha bei, jambo linalomfaa mnunuzi na kumchukiza muuzaji. Marekani kila jimbo lina desturi yake: Speedster iliyoundwa juzi huweza kuandikwa kuwa Volkswagen ya mwaka 1969, kwa kuwa namba ya sakafu ndiyo iliyofuatwa. Hakikisha namba iliyo katika hati ndiyo iliyogongwa kwenye chuma, na uulize kampuni ya bima, kabla ya kulipa, kama itakubali kuandika thamani mliyopatana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili la hati si dogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Kwa hiyo Speedster ya California iliyoandikwa Volkswagen ya 1969 itagonga ukuta mara mbili bandarini Mombasa, hata kama bodi yake haijatimiza mwaka. Anayetaka nakala na aanze kwa kuuliza sheria za nchi yake, ndipo aulize bei.

Yakisha kutimia hayo, uchaguzi huwa mwepesi kuliko ulivyodhaniwa. Mwenye fedha kidogo na mikono iliyozoea spana na atafute Seven. Apendaye safari za upole za jioni, na aliye karibu na fundi wa Volkswagen, achukue Speedster. Na Cobra, yenye injini kubwa ndani ya gari jepesi lisilo na paa, aachiwe yule ambaye baada ya kulinunua bado amebakiwa na fedha za matairi na bima, na akili ya kuinua mguu barabara inapokuwa na maji.