Kutoka Tafsida hadi Vita: Lugha ya Utumwa na Mgawanyiko wa Kikanda Nchini Marekani, 1787–1861

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mgawanyiko wa kikanda kuhusu utumwa ulivyoisukuma Marekani kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861. Inajengwa hoja kwamba tofauti ya maslahi peke yake haikutosha kuleta vita. Vita vilikaribia kadiri vyombo vilivyoziwezesha kanda mbili kujadiliana vilivyovunjika kimoja baada ya kingine. Ushahidi umetolewa katika sheria, maamuzi na matamko ya kisiasa ya kipindi hicho, kwa kuzingatia zaidi lugha yake.

1. Utangulizi

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 haikutumia neno mtumwa hata mara moja, ingawa iliwazungumzia watumwa katika vifungu kadhaa. Katika hesabu ya uwakilishi waliitwa watu wengine, na kila watano wakahesabiwa kama watatu. Katika kifungu cha waliotoroka, mtumwa alitajwa kama mtu anayewajibika kutoa huduma au kazi. Tafsida hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Wajumbe waliouchukia utumwa waliweza kutia saini bila kuonekana kuuidhinisha, na wajumbe wa Kusini walipata ulinzi walioutaka. Maandishi yakawa mamoja, lakini kila upande ukatoka na fasiri yake.

2. Pamba na mizani ya Seneti

Baada ya mashine ya kuchambua pamba kuvumbuliwa mwaka 1793, utumwa ulizidi kushika mizizi Kusini, ilhali majimbo ya Kaskazini yalikuwa yakiukomesha hatua kwa hatua. Hata hivyo, Kaskazini haikuwa nje ya uchumi huo. Kiswahili chenyewe kimehifadhi alama yake: kitambaa cha merikani, kilichoenea Zanzibar na bara katika karne ya 19, kilifumwa katika viwanda vya New England vilivyotegemea pamba ya mashamba ya watumwa ya Kusini. Kwa hiyo si sahihi kuvieleza vita hivyo kama mgongano wa jamii mbili zisizohusiana. Zilifungamana sana. Swali lililozitenganisha lilikuwa ni mfumo upi utakaotawala ardhi mpya za magharibi.

Kwa kuwa kila jimbo lilikuwa na maseneta wawili, kila jimbo jipya lilitishia mizani. Katika mwafaka wa mwaka 1820, Missouri ilikubaliwa kama jimbo la utumwa na Maine kama jimbo huru. Aidha, ukiacha Missouri yenyewe, utumwa ulipigwa marufuku kaskazini mwa latitudo ya 36°30′ katika eneo lililonunuliwa kutoka Ufaransa. Mwafaka huo ulituliza ugomvi kwa zaidi ya miaka 30, lakini uligeuza suala la utu kuwa mstari wa ramani.

3. Kuvunjika kwa vyombo vya pamoja

Chombo cha kwanza kutikisika kilikuwa mawasiliano. Mwaka 1835, umati wa watu mjini Charleston ulichoma moto machapisho ya kupinga utumwa yaliyofika kwa posta. Kuanzia mwaka 1836 hadi 1844, Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya kuyaweka kando, bila mjadala, maombi ya wananchi dhidi ya utumwa. Rais wa zamani John Quincy Adams aliipinga kanuni hiyo kwa miaka yote hiyo. Nia ilikuwa kuzima mjadala, lakini matokeo yalikuwa kinyume: hata watu wa Kaskazini wasiojali hatima ya watumwa waliona kwamba sasa haki yao wenyewe imeguswa.

Makanisa yalifuata. Wamethodisti waligawanyika mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845, Kaskazini na Kusini.

Watumwa nao hawakuwa watazamaji. Kutoroka kwao ndiko kulikolifanya suala lisiweze kuzikwa. Sheria ya mwaka 1850 iliwalazimu raia wa Kaskazini kusaidia kuwakamata watoro na kumnyima mshtakiwa haki ya kutoa ushahidi. Kamishna alilipwa dola 10 akiamuru mtu arudishwe utumwani, na dola 5 akimwachilia.

Mwaka 1854, sheria ya Kansas na Nebraska ilifuta mstari wa mwaka 1820 na kuwaachia walowezi uamuzi. Kansas ikageuka uwanja wa mapigano. Chama cha Whig, kilichokuwa na wafuasi katika kanda zote mbili, kilisambaratika, na chama kipya cha Republican kikapata nguvu Kaskazini tu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Hapakubaki mwamuzi aliyeaminiwa na pande zote.

4. Neno linatamkwa

Mwaka 1860, Abraham Lincoln alishinda urais kwa takriban asilimia 40 ya kura, bila kura hata moja ya wajumbe wa uchaguzi kutoka majimbo ya utumwa. Aliahidi kutougusa utumwa pale ulipokuwapo, bali kuzuia usienee. Tarehe 20 Desemba, South Carolina ilijitenga. Tamko lake liliyalaumu majimbo ya Kaskazini kwa kutowarudisha watoro. Katiba ya shirikisho jipya la Kusini, iliyopitishwa Machi 1861, ilitaja na kulinda waziwazi utumwa wa watu weusi. Tafsida ya mwaka 1787 ilikuwa imeachwa. Aprili 12, mizinga ilirushwa dhidi ya ngome ya Sumter.

Baada ya vita, watetezi wa Kusini walirudi kwenye tafsida na kudai kwamba walipigania haki za majimbo. Nyaraka zao wenyewe zinawapinga: sheria ya mwaka 1850 ilitumia nguvu ya serikali kuu dhidi ya majimbo ya Kaskazini, na Kusini iliiunga mkono. Tena, majimbo manne ya utumwa hayakujitenga. Mojawapo ni Delaware, ambako watumwa hawakufika 2 katika kila watu 100. South Carolina na Mississippi, ambako walizidi nusu ya watu wote, zilitangulia kujitenga.

5. Hitimisho

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa washauri wa sera, mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, utata wa makusudi katika mkataba unaweza kununua muda, lakini muda huo ukipotea bila kutumiwa, kila upande huiona fasiri yake kuwa haki iliyoporwa. Pili, kufunga jukwaa la malalamiko huongeza idadi ya walalamikaji. Tatu, miafaka yote iliyotajwa ilifanywa bila sauti ya watumwa, ambao mwaka 1860 walikaribia milioni 4 kati ya watu milioni 31. Neno utumwa liliingia katika Katiba ya Marekani mwaka 1865, katika rekebisho lililoukomesha, baada ya vita vilivyoua zaidi ya watu 600,000.