Perendinate: siku ya tatu si mtondo

Wengi wetu tunalifahamu neno la Kiingereza procrastinate, kwa kuwa Kifaransa nacho kina procrastiner. Ndani yake mna cras, yaani «kesho» kwa Kilatini: ni kusogeza kazi hadi kesho. Ndugu yake, perendinate, ni adimu sana. Maana yake ni kusogeza jambo hadi kesho kutwa.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini perendinare, kilichojengwa juu ya kielezi perendie, «kesho kutwa». Die ni siku. Sehemu ya mbele hubeba wazo la ng'ambo. Basi ni siku iliyo ng'ambo ya kesho. Kiswahili kimepita njia iliyo jirani: kutwa ni kuzama kwa jua, na kesho kutwa ni siku inayofuata jua la kesho likisha kuzama.

Huko Roma neno hili lilikuwa na kazi mahakamani. Katika kesi za magavana walioshtakiwa kunyang'anya mali za watu wa majimbo, kulikuwa na comperendinatio: kesi ilisikilizwa mara mbili, na kati ya vikao hivyo ikapita siku moja. Mwaka 63 kabla ya Kristo, Cicero alipomtetea Murena, aliwacheka wanasheria kwamba miaka yote hiyo walikuwa hawajaamua waseme dies tertius, «siku ya tatu», au dies perendinus, «siku ya kesho kutwa». Mzaha huo una maana kwa sababu siku ni ileile: Warumi walihesabu na leo. Leo ni ya kwanza, kesho ya pili, kesho kutwa ya tatu.

Hapo ndipo ulipo mtego kwetu sisi tunaojifunza kufasiri. Atakayeandika «baada ya siku tatu» ataanza kuhesabu kesho, na atafika mtondo. Mshtakiwa akimfuata mfasiri huyo, atakuta kikao kimepita jana.

Kwa hiyo nionavyo, kuahirisha peke yake hakutoshi kufasiri perendinate, maana kitenzi hicho, tulichokipata kwa Waarabu, hakitaji siku yoyote. Tuseme kuahirisha hadi kesho kutwa. Na kila tukutanapo na hesabu ya siku katika matini ya kale, kabla ya kufungua kamusi tuulize kwanza: wenye lugha hii huanza kuhesabu leo au kesho?