Kisanduku Kinapojaa: Algorithimu na Lugha ya Mashine

Mwaka 2024 wateja wa Kenya Power wenye mita za tokeni, kuanzia Kondele na Nyalenda mjini Kisumu hadi Mbita na Usenge kandokando ya ziwa, waliombwa kufanya jambo wasilolizoea: kabla ya kuingiza tokeni ya stima waliyonunua, waingize kwanza namba nyingine mbili, kila moja yenye tarakimu 20. Siku ya mwisho ilikuwa 24 Novemba. Baada ya hapo, mita ambayo haijasasishwa ingekataa tokeni mpya. Chanzo chake ni hesabu ndogo iliyojificha ndani ya mita. Kila tokeni hubeba alama ya wakati ilipotengenezwa, inayohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na hesabu hiyo imetengewa kisanduku cha biti 24. Biti 24 hutoa namba 16,777,216 basi, na dakika hizo ni miaka 31 na karibu miezi 11. Mita hutumia alama hiyo kutambua tokeni iliyokwisha kutumika. Kisanduku kikijaa, hesabu hurudi sifuri, na tokeni ya leo huonekana kuukuu kuliko zote. Waliobuni mfumo walilijua hilo na wakaacha njia ya kusogeza mwanzo wa hesabu hadi mwaka 2014. Kazi ya zile namba mbili ilikuwa hiyo.

Naliona tukio hilo kama somo la kwanza la kompyuta kwa kijana yeyote wa ukanda wa ziwa, kwa kuwa linaonyesha kitu ambacho mafunzo yetu hukificha. Algorithimu, neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ni utaratibu wa hatua zinazofikisha kwenye jibu. Karatasini, utaratibu huo hauna mipaka. Katika lugha kama Python pia hauonekani kuwa nayo: namba hukua kadiri utakavyo, na orodha hupangwa kwa neno moja. Mwanafunzi huhitimu akiyajua majina ya algorithimu na sifa za kasi yake, lakini hajawahi kukiona kisanduku ambamo namba inakaa. Hoja yangu ni kwamba algorithimu chache za msingi zifundishwe kwa lugha ya mashine, amri kwa amri, juu ya chipu ndogo ya biti 8, kwa sababu hapo ndipo kanuni na kikomo chake huonekana pamoja.

Chukua utafutaji wa kugawa nusu. Tuseme mizani ya kielektroniki kwenye ufuo wa Dunga imehifadhi uzito wa mbuta 200, umepangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa katika nafasi ya 0 hadi ya 199, nasi tunatafuta uzito uliopo nafasi ya 150. Kanuni inasema: jumlisha nafasi ya chini na ya juu, gawa kwa mbili, tazama palipo katikati, kama unachotafuta ni kizito zaidi, tupa nusu ya chini uendelee. Hatua ya kwanza inatupa 99, kwa hiyo mpaka wa chini unakuwa 100. Sasa jumlisha 100 na 199. Jibu ni 299, lakini kisanduku cha chipu ya biti 8 ni baiti moja, nayo haipiti 255. Kinachobaki kisandukuni ni 43, nusu yake 21, na mashine inakwenda kutazama nafasi ya 21, sehemu iliyokwisha kutupwa. Ukiifuata kwa kalamu utaona mashine ikitangatanga, kisha inanasa kati ya nafasi ya 114 na ya 29, huku na huko, bila mwisho. Kanuni haijakosea hata herufi moja. Kilichofurika ni kisanduku.

Lugha ya mashine haimwachi mwanafunzi na tatizo tupu. Chipu ina biti moja ya pembeni inayopokea kilichofurika, ile moja ambayo mtoto wa shule ya msingi huibeba anapojumlisha. Iko amri moja ya kuzungusha biti kuelekea kulia, nayo huichukua ile moja na kuirudisha juu ya kisanduku, hivi kwamba 43 huwa 149, nafasi sahihi kabisa. Aliyeandika amri hiyo kwa mkono wake hasahau tena kwamba kila kujumlisha kuna kikomo. Na kosa lenyewe si la wanagenzi. Mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba msimbo wa utafutaji huo katika maktaba ya Java, alioandika yeye mwenyewe, ulikuwa umebeba kosa hilo hilo kwa takriban miaka tisa. Huko kikomo ni 2,147,483,647, na orodha ndefu kiasi cha kukifikia zilikuwa adimu, ndiyo maana kosa lilijificha. Chipu ndogo hulileta mbele ya macho kwa samaki 200.

Upangaji nao una funzo lake. Mchuuzi anayepanga samaki kwa ukubwa humchomeka mmoja kati ya wawili, na wengine husogea bila yeye kuhesabu. Ndani ya kumbukumbu hakuna kuchomeka. Kila uzito husogezwa mmoja mmoja, na orodha ya 200 iliyopangwa kinyume hudai misogeo 19,900. Iongeze hadi 400, misogeo inakuwa 79,800, maradufu ya maradufu. Mwanafunzi atakimbilia mbinu ya kuunganisha nusu zilizopangwa, ambayo John von Neumann aliiandikia programu mwaka 1945. Ni mbinu ya haraka, lakini kwa kawaida hudai nafasi ya ziada sawa na orodha yenyewe. Chipu ya ATmega328P, inayopatikana kwenye bodi nyingi za Arduino Uno, ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi. Namba 800 za baiti mbili mbili hula 1,600, na nakala ya pili haienei. Hapo ndipo mbinu ya lundo, aliyoichapisha J. W. J. Williams mwaka 1964, hupata maana, kwa sababu hupanga papo hapo bila kuomba nafasi. Kitabuni mbinu hizo mbili ni safu mbili za jedwali. Kwenye chipu, moja inawezekana na nyingine haiwezekani.

Wapo watakaosema kwamba waajiri wa Kisumu na Nairobi wanatafuta wajuzi wa Python na JavaScript, na kwamba kompaila za leo huandika amri za mashine vizuri kuliko binadamu. Yote mawili ni kweli. Lakini kompaila hutafsiri ulichoandika. Haikuulizi kama kisanduku ulichochagua kitatosha kwa miaka 31. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la walimu: lugha ya mashine ni kavu na humkatisha tamaa anayeanza. Nakubali, na kwa hiyo sipendekezi iwe mlango wa kuingilia. Mwanafunzi aanze na lugha nyepesi, aonje raha ya programu inayofanya kazi, kisha apewe wiki chache za kushuka chini na algorithimu tatu au nne. Gharama nayo isiwe kizuizi: kisanduku chenye vyumba vinane kilichochorwa karatasini kinatosha kufuata mfano wa mbuta 200 mpaka mashine inase. Donald Knuth, ambaye juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu ya algorithimu ilitoka mwaka 1968, alibuni mashine ya karatasini ya kufundishia algorithimu kwa lugha ya mashine, na alipoiona imepitwa na wakati aliibadilisha kwa nyingine mpya. Lugha ya mashine hakuiacha.

Katika vyuo vingi duniani, muundo wa kompyuta na algorithimu hufundishwa kama masomo mawili, kila moja na mwalimu wake. Vyuo vya Maseno, Bondo na Kisumu National Polytechnic vinaweza kuyakutanisha bila kusubiri mtaala mpya. Kinachotakiwa ni walimu wawili kukubaliana juu ya zoezi moja. Na sababu ya kufanya hivyo inajulikana hata kwa tarehe. Ukihesabu dakika 16,777,216 kuanzia mwanzo wa 2014, kisanduku cha mita za tokeni kitajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Kijana aliye sekondari leo huko Kisumu atakuwa mhandisi kamili wakati huo, na mifumo atakayokuwa ameijenga yeye mwenyewe itakuwa na visanduku vyake. Ni haki yake kufundishwa mapema kuuliza kila kimoja kina biti ngapi, na kitajaa lini.