Mtu Alikufa, Kazi Ikabaki

Ndugu zangu wa vikundi vya Ekerenyo, vikundini mwetu tuko Wakatoliki, Wasabato, Walutheri na Wapentekoste. Basi si vibaya tukijifunza kwa Mkristo wa kanisa lingine.

Dkt. Byang Kato alizaliwa Kwoi, kaskazini mwa Naijeria, mwaka 1936. Baba yake alikuwa amemweka wakfu awe kuhani wa dini ya jadi, lakini huyo kijana alipoingia shule ya wamisionari aliamua kumfuata Kristo. Alisoma London, kisha Dallas huko Marekani. Mwaka 1973 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa katibu mkuu wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika na Madagaska, ofisi ikiwa Nairobi.

Kitabu chake kikubwa kilichapishwa hapa jirani, Kisumu, mwaka 1975. Humo alibishana na wasomi kama John Mbiti wa Kenya, akiogopa kwamba dini za jadi zinapewa nafasi ya Injili. Sisi Wakatoliki hatukubaliani naye kwa yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kutokataa lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine.

Lakini neno moja alilonena linatuhusu sote: Afrika iwe na walimu wake, wafundishwe hapa hapa. Alitaka vyuo viwili vya juu, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha Kiingereza. Tarehe 19 Desemba 1975 alikufa maji huko Mombasa, umri miaka 39. Hakuona hata kimoja. Hata hivyo chuo cha Bangui kilifunguliwa 1977, na cha Nairobi kikaanzishwa 1983. Hicho cha Nairobi ndicho kilichokua kikawa Africa International University. Mpango haukuwa kichwani mwake tu. Wenzake waliujua, wakaubeba.

Je, kwetu? Kikundi ambacho mwenyekiti peke yake anajua pesa ziko wapi na nani ana deni, siku akiitwa na Mungu kitazikwa pamoja naye. Wajane na mayatima watabaki wakiuliza akiba yao. Kwa hiyo:

1. Hesabu isomwe kila mkutano.
2. Benki kuwe na watia sahihi watatu.
3. Kila ofisa amfundishe mwenzake kazi yake.

Swali la kujadili: Mweka hazina wetu akikosekana kesho, nani ataendelea?