Stadi Iliyokatikia Ndani

Injini ya Land Rover 300Tdi ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, mara nyingine hutoa mlio mkavu, tik-tik-tik, upande wa manifoldi ya egzosi. Ikishapata moto, mlio hufifia. Wengi hudhani ni valvu. Mulika tochi: utaona masizi yamejichora kwenye silinda hedi, karibu na ncha ya manifoldi, na mahali pa nati pako wazi. Stadi inayoshika manifoldi imekatika, kipande kimebaki ndani.

Lawama humwangukia fundi aliyeigusa mwisho, na mara nyingi anaonewa. Stadi hiyo ilianza kufa miaka mingi kabla. Hedi ni ya alumini, manifoldi ni ya chuma cha kusubu. Alumini hutanuka mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, lakini hedi hupozwa na maji, wakati manifoldi inapitisha moshi wa mamia ya nyuzi za Selsiasi. Manifoldi ya sentimita 40 ikipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka milimita 2 hivi. Hedi haifikishi hata milimita 1. Tofauti hiyo hubebwa na stadi, na za pembeni ndizo hubeba zaidi. Kila safari huzipinda kidogo, injini ikipoa zinarudi, mpaka ufa unaanza.

Halafu kuna kutu. Chuma kikishika kutu huvimba, na alumini nayo hutoa unga mweupe unaobana. Mahali penye hewa ya chumvi kama Mombasa au Tanga, metali hizi mbili zikigusana hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Ndiyo maana kipande kilichobaki hakisikii spana wala praizi.

Hapo wengi hutoboa kipande hicho katikati na kukikaza ndani kile chuma chenye meno ya kinyume, wakitumaini kitatoka kikizungushwa. Mimi sikipendi kabisa kwa kazi hii. Kadiri kinavyozama ndivyo kinavyoisukuma stadi nje, kuelekea kuta za shimo, na kuzidi kuibana. Tena ni kigumu mno: kikikatikia humo, keekee ya kawaida haikitoboi.

Stadi iliyoharibiwa na joto itolewe kwa joto. Shimo la alumini la milimita 10 likipashwa nyuzi 150 hupanuka zaidi ya stadi iliyomo kwa takriban milimita 0.015. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini inatosha kuvunja kutu. Tahadhari: alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, nayo ikiwa tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi ya hedi huanza kabla ya hapo. Jicho halitakuonya. Dondoshea tone la maji. Likichemka na kurukaruka, ondoa moto. Kisha gusisha mshumaa kwenye shina la stadi, nta ivutwe ndani ya meno.

Njia ninayoiamini zaidi ni kuchomelea nati. Kwanza chomoa waya za betri na za oltaneta. Weka wosha juu ya kipande, nati juu ya wosha, kisha jaza chuma cha kuchomelea katikati ya nati. Chuma hicho hakishikamani na alumini, kwa hiyo shimo linasalimika. Stadi inapashwa mpaka iwe nyekundu, inataka kutanuka, hedi inaizuia. Ikipoa inasinyaa na kuachana na kutu. Subiri wekundu uishe, halafu izungushe kwa spana mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikianza kulia, usiilazimishe. Irudishe, tia mafuta mepesi, endelea. Nati ikikatika, chomelea nyingine. Ya pili au ya tatu ndiyo hutoa mara nyingi.

Kutoboa kuwe njia ya mwisho, kwa sababu keekee hukimbilia alumini iliyo laini na kukiacha chuma. Shimo likiharibika, hutobolewa upya na kuwekwa koili ya chuma cha pua yenye meno mapya.

Kabla ya kufunga stadi mpya na grisi ya shaba, laza rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi na ujaribu kupitisha fila, bapa jembamba la kupimia nafasi, chini yake. Manifoldi za 300Tdi hupinda. Iliyopinda ipelekwe ikasawazishwe kwa mashine, la sivyo itaikata na hiyo mpya.